Mtoto ana kisukari, je nimpe dawa ya kuongeza kinga?

"Daktari shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, huu mwezi wa pili tangu agundulike na sukari. Alianza kukojoa sana usiku na kukonda, zahanati wakatuambia ni UTI tukapewa dawa, akazidiwa tukamkimbiza hospitali kubwa, mashine ikaandika HI, yaani sukari iko juu kupita inavyoweza kusoma, akalazwa. Wakasema ni taipu wani, kinga yake ya mwili ndo imeua kongosho. Hapo ndo sielewi. Mtoto hana UKIMWI, amepimwa, sasa kinga imeharibikaje? Jirani kaniletea dawa ya unga ya kuongeza kinga, anasema mtoto wa dada yake aliitumia akaacha sindano. Na kweli sasa hivi sukari imetulia, daktari kapunguza insulini kutoka uniti 20 kwa siku mpaka 9, naona kama anapona. Shemeji anasema ni soda na juisi nilizokuwa nampa, mama mkwe anasema ni chanjo. Nina mwingine wa kike ana miaka 4, nimpime? Kuna maabara wamenitajia kipimo cha kingamwili ila hela yake ndefu. Nisaidie, usiku silali. Niko Mbagala."

Marahaba dada yangu. Pole sana, na pole kwa mtoto. Kabla ya maelezo yoyote naanza na kitu ambacho hakisubiri: sindano usiache. Hata siku moja. Hata asubuhi ikisoma 5, hata jirani akiapa, dozi inapunguzwa au kuongezwa na wanaomtibu kwa kuangalia namba zake lakini haiachwi, maana mtoto mwenye taipu wani akikosa insulini anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache tu, na wewe ulishaona mwenyewe kuzidiwa kukoje. Huo unga uweke juu ya kabati kwanza, tutaurudia.

Sasa hilo la kinga. Sisi hapa habari za kinga tumezijua kupitia UKIMWI, ndo ukweli. Miaka na miaka watu wamesikia CD4 zimeshuka, CD4 zimepanda, kinga ikishuka unaumwa ikipanda unapata nafuu, kwa hiyo daktari akikwambia kinga ya mtoto ndo imeleta ugonjwa, kichwa moja kwa moja kinakwenda kwenye kushuka. Kwa UKIMWI hesabu hiyo iko sawa. Kwa mwanao haiko hivyo. Kinga yake haijashuka wala haijaharibika, sukari ikiwa imetulia akipata mafua atapona kama wenzake, akichanjwa mwili utaitikia. Kilichotokea ni kwamba sehemu ndogo ya kinga hiyo hiyo, nzima, yenye nguvu zake zote, imelenga kitu cha mwili wake mwenyewe ambacho haikutakiwa kukigusa.

Na wala haijaua kongosho, hapo waliokueleza walifupisha. Sehemu kubwa ya kongosho kazi yake ni kutengeneza maji ya kusaga chakula, hiyo ipo na inafanya kazi. Katikati yake kuna vifurushi vidogo vidogo vya seli vinaitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani Paul Langerhans aliyeviona kwenye darubini akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, mwaka 1869. Mtu mzima anavyo kama milioni moja, lakini ukivijumlisha vyote ni asilimia 1 au 2 tu ya kongosho. Ndani ya kila kisiwa kuna seli beta, hizi ndo zinatoa insulini, homoni ya kushusha sukari, na pembeni yake kuna seli alfa zinazotoa glukagoni, homoni ya kupandisha sukari. Kwa mtu mwenye taipu wani ukikiangalia kisiwa chake kwenye darubini unakuta seli beta zimekwisha au zimebaki chache, halafu seli alfa zimekaa palepale, hazijaguswa. Ingekuwa sumu au soda imeunguza kongosho, isingechagua namna hiyo.

Nani anachagua? Ni seli T, jamii ya chembe nyeupe za damu. Zinaanzia kwenye uboho wa mifupa, halafu zinapita kwenye tezi moja iko nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo, inaitwa thaimasi. Humo zinafanyiwa mtihani mkali kweli. Thaimasi inatengeneza vipande vidogo vya protini za sehemu mbalimbali za mwili, hata insulini kidogo inatengenezwa humo kwa kazi hiyo tu, ili seli T changa zionyeshwe. Inayokishika kipande cha mwili wake kwa nguvu kana kwamba ni adui inauawa hapo hapo. Waliofaulu ndo wanaruhusiwa kuingia kwenye damu.

Ila mtihani hauzuii zote. Mimi ninazo seli T chache zinazoweza kuishambulia insulini yangu, na wewe unazo, na watu wengi wazima kabisa wakipimwa wanakutwa nazo. Kinachotuokoa ni kundi jingine la seli T ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao, ikitokea mmoja anataka kuanza vita isiyo na sababu wanamzima. Ushahidi wake upo: kuna watoto wachache sana duniani wanazaliwa na hitilafu kwenye jeni inaitwa FOXP3, ambayo bila hiyo seli za kutuliza hazifanyi kazi, na wengi wao wanapata kisukari wakiwa wachanga kabisa, pamoja na magonjwa mengine ya kinga kujishambulia. Yaani mtoto hajala hata uji bado, seli beta zimeshakwenda.

Kwa mwanao sasa. Unajua Kariakoo mtu mmoja akipiga kelele "mwizi!" kinachotokea, hakuna anayeuliza kaiba nini, wa kwanza anashika, wa pili anapiga, dakika mbili mtaa mzima umejaa na wengi hawajui hata ilianzaje. Kwenye kongosho mpiga kelele ni seli ya kinga inayozunguka ikiokota vipande vya seli zilizokufa au kuchoka, ikaokota vipande vya seli beta ikavipeleka kwenye tezi za limfu zilizo jirani na kongosho, huko ikazionyesha seli T. Mara nyingi haitokei kitu. Lakini kama kuna seli T iliyoponyoka kule kwenye thaimasi, na zile za kutuliza zimezidiwa, moto unawaka. Wa kwanza kuitika ni seli T aina ya CD4, ndiyo, hizo hizo unazozisikia kliniki za UKIMWI, za CTC. CD4 hazipigani sana zenyewe, kazi yao kubwa ni kuwaamsha wengine. Zinaamsha seli B, chembe nyeupe za aina nyingine, zitengeneze kingamwili, yaani protini za kinga zinazojishikiza kwenye kinacholengwa, na zinaziamsha seli T aina ya CD8, na CD8 ndo zinaua. Zinaingia ndani ya kisiwa, zinaigusa seli beta moja moja, zinaitoboa kwa protini inaitwa peforini kisha zinaingiza vimeng'enya vinavyoilazimisha ijiue. Na bahati mbaya yenyewe seli beta ikiwa kwenye shida hiyo inazidisha kutoa nje ile protini ambayo CD8 zinaitumia kuitambua, kwa hiyo inazidi kuonekana.

Kwa nini yeye na siyo mtoto wa jirani? Sehemu ni kurithi. Kuna jeni zinaitwa HLA, ndo zinatengeneza protini zinazobeba vile vipande na kuvionyesha kwa seli T, na baadhi ya aina zake, hasa DR3 na DR4, zinaongeza hatari. Lakini kurithi peke yake hakutoshi, maana hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akipata, mwenzake anaweza akakaa miaka mingi bila kupata na wengine hawapati kabisa. Kwa hiyo kuna kitu cha nje kinachangia. Kinachoshukiwa zaidi ni virusi vya kundi la enterovirusi, hasa koksaki B, vinavyopita kwa watoto kama mafua au homa ya kawaida tu, na vinapenda kuingia kwenye seli beta. Hakuna mzazi anayeweza kumkinga mtoto asipate homa hizo, kwa hiyo usianze kutafuta ni siku gani alicheza wapi na nani.

Na haya hayakuanza mwezi mmoja kabla hajalazwa. Shambulizi linakwenda kimyakimya miezi, mara nyingi miaka, seli beta zinapungua na zilizobaki zinafanya kazi ya zilizokufa, mtoto anacheza mpira, anakula, hamna dalili. Dalili zinakuja pale zilizobaki zinaposhindwa. Ukikumbuka lile la zahanati kusema UTI, mimi silitetei, mtoto anayekojoa sana na kukonda atobolewe kidole apimwe sukari, ni kipimo cha dakika moja. Ila naelewa linavyotokea. Utafiti uliofanyika hapa hapa Dar kati ya 1982 na 1991 ulikuta wagonjwa wapya kama 1.5 tu kwa mwaka kwa kila vijana na watoto 100,000, wakati Finland wanazidi 50 kwa watoto 100,000. Mhudumu anaweza akakaa miaka hajamwona hata mmoja. Na sehemu ya uchache huo ni kwamba wengine wanakufa wakiitwa malaria, hawafiki kuhesabiwa.

Turudi kwenye unga. Umeshaona kwamba CD4 na CD8 ndo zimefanya kazi yote, sasa niambie, tukiziongezea nguvu tutakuwa tumemsaidia nani? Hili siyo la kubuni. Kuna dawa za kisasa za saratani, nivolumab na pembrolizumab, kazi yake ni kuziachia seli T zisizuiwe ili zipambane na saratani. Kwa wengi zinasaidia sana. Lakini kama mgonjwa 1 kati ya 100 wanaozitumia anapata kisukari cha ghafla kinachohitaji insulini maisha yake yote, mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa na sukari. Yaani kinga ikiachiwa kweli kweli, hicho ndo kinachotokea. Heri yako ni kwamba dawa nyingi za unga zinazouzwa mtaani haziongezi kinga wala haziipunguzi kwa kiasi cha kupimika. Mlonge kama mboga mpe ale, habba soda kidogo kwenye chai sina ugomvi nayo. Ninachogombana nacho ni viwili: maneno yanayokuja na dawa hiyo, kwamba uache sindano, na unga usio na lebo wala jina la aliyetengeneza, kwa sababu baadhi ya hizi dawa zimeshawahi kukutwa zimechanganywa na vidonge vya steroidi kama prednisoloni, mtu anajisikia vizuri siku mbili tatu huku sukari inapaa.

Najua swali linalofuata maana nimeulizwa sana: basi kama kinga ndo inaua seli beta, si tuishushe? Akili nzuri, na ilijaribiwa. Miaka ya 1980 Ufaransa na Kanada waliwapa wagonjwa wapya saiklosporini, dawa wanayopewa waliopandikizwa figo, na kweli baadhi yao walikaa muda bila insulini au na insulini kidogo. Ndo moja ya mambo yaliyothibitisha kwamba ugonjwa huu ni wa kinga. Lakini ilikuwa inaumiza figo, na wakiacha dawa sukari inarudi, kwa hiyo ikaonekana unabadilisha ugonjwa unaotibika kwa sindano na kuchukua wa figo. Tena kwa mji wetu huu wenye TB, kumshushia mtoto kinga ovyo ni hatari. Prednisoloni nayo hapana kabisa, hiyo inapandisha sukari moja kwa moja.

Dawa iliyofika mbali ni teplizumabu. Ni kingamwili ya kutengenezwa inayojishikiza kwenye seli T na kuzipunguza ukali, inaingizwa kwa dripu siku 14 mfululizo. Marekani waliiruhusu Novemba 2022, lakini soma kwa makini iliruhusiwa kwa nani: kwa mtu ambaye hajaanza kuumwa, amekutwa na kingamwili mbili au zaidi na sukari imeanza kuyumba kidogo. Kwenye utafiti iliwachelewesha kuingia kwenye ugonjwa kamili kwa takriban miaka 2. Kuchelewesha, siyo kuponya. Na bei yake huko ni zaidi ya dola 190,000 kwa dozi moja kamili, nyumba kabisa hiyo. Mwanao ameshaipita hatua hiyo. Pia utasikia habari za seli shina, na hizo siyo uongo, mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya watu 12 waliowekewa visiwa vilivyokuzwa maabara na 10 kati yao baada ya mwaka mmoja walikuwa hawahitaji tena insulini. Ila walikuwa watu wazima wenye hatari kubwa ya sukari kushuka ghafla, na ili kinga isiviue visiwa vipya wanatakiwa wameze dawa za kuishusha. Kwa mtoto anayeendelea vizuri na sindano hatubadilishani. Ukiletewa tangazo la kliniki ya seli shina kwenye grupu la WhatsApp na namba ya kulipia, lifute.

Sasa hili la dozi kushuka, maana ndo linanitia wasiwasi kuliko yote. Siku alipolazwa seli beta hazikuwa zimekwisha zote, zilikuwepo zilizobaki ila zimelemewa, sukari ikiwa juu sana muda mrefu inazizimisha hata zilizo hai. Alipoanza sindano zikapumzika, sukari ikashuka, zikaamka na kuanza kutoa insulini kidogo. Insulini yake ya mwili ikijumlishwa na ya sindano ndo unaona namba nzuri na dozi inapungua. Sisi tunaiita hanimuni. Mtoto wa umri wake mwenye kilo kama 25 akitumia uniti 9 kwa siku yuko ndani ya hanimuni kabisa. Inakaa miezi kadhaa, wengine mwaka, wachache zaidi, halafu inaisha kwa sababu seli T hazijaacha kazi yao, na dozi itapanda tena. Siku ikipanda usidhani umekosea wewe au mtoto kaiba pipi. Na huyo mtoto wa dada wa jirani, ukisikia mtu kaacha sindano akakaa salama kwa muda mara nyingi ni hanimuni, au alikuwa na sukari ya aina nyingine. Muulize yuko wapi leo na anatumia nini leo. Kuendelea na sindano wakati huu kuna faida nyingine, seli zilizobaki zinaonekana kudumu zaidi sukari ikiwa imetulia, na hata zikitoa insulini kidogo tu zinamsaidia asipande na kushuka sana.

Shemeji na soda. Hapana. Soda na juisi nyingi vinaharibu meno, vinanenepesha, na kwa kunenepesha vinachangia taipu tuu, ile ya watu wazima ambayo insulini ipo ila mwili hauisikii vizuri. Seli T hazijali mtoto kanywa nini. Kuanzia sasa soda ina masharti kwa sababu lazima ilingane na insulini, lakini kuna saa soda ni dawa: akianza kutetemeka, jasho, hasira zisizo na sababu au macho kuzubaa, pima, ikiwa chini ya 4 (mmol/L) mpe nusu glasi ya soda yenye sukari, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15 upime tena. Mwalimu wake naye ajue hili. Akiwa hajitambui usimmiminie chochote mdomoni, mlaze ubavu mkimbize hospitali.

Mama mkwe na chanjo. Mwambie kwa heshima zote kwamba Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 700,000 waliochanjwa na wasiochanjwa, matokeo yakatoka 2004, hawakuona chanjo yoyote ya utotoni ikiongeza kisukari. Huyo wa miaka 4 kama kuna chanjo hajamaliza amalize.

Kipimo cha kingamwili nitakueleza vizuri maana hela ni yako. Zinazopimwa ni kingamwili dhidi ya vitu vya seli beta, inayojulikana zaidi inaitwa GAD, nyingine ni IA-2, ZnT8 na ya insulini yenyewe. Watu wanadhani hizi ndo zinaua. Haziui, ni alama tu kwamba vita ipo. Mama mwenye taipu wani akiwa mjamzito anampitishia mtoto kingamwili hizo kupitia kondo la nyuma, mtoto anazaliwa nazo kwenye damu, haumwi, zinapungua zenyewe mpaka zinakwisha. Kwa mwanao kipimo cha ya insulini kimeshapoteza maana, mtu akishachoma insulini wiki mbili hivi mwili unaweza kutengeneza kingamwili kwa sababu ya hiyo ya chupa. Hizo nyingine zinaweza kusoma, lakini kuna jambo lazima ulijue: utafiti uliochapishwa 2025 kuhusu vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini walioambiwa wana taipu wani ulikuta karibu theluthi mbili hawana kingamwili yoyote kati ya zile zinazopimwa kawaida, na kwa wengi hao hata jeni za hatari zilikuwa chache. Wanahitaji insulini kama wengine, ila inawezekana kwao siyo seli T zilizoanzisha. Nimekueleza hadithi ndefu ya kinga kwa sababu ndo iliyothibitishwa kwa taipu wani ya kawaida na ndo uliyoambiwa hospitali, ila kwa watoto wetu wa Afrika picha bado inachorwa na mimi sitaki kukufanya uamini imekamilika.

Kwa hiyo nipime au nisipime? Kwa maoni yangu, hapana, siyo sasa. Mtoto wa miaka 9 aliyekonda na kuingia hospitali sukari ikisoma HI anahitaji insulini, kipimo kikitoka chanya anahitaji insulini, kikitoka hasi anahitaji insulini. Kitakuwa na maana mbele ya safari kama daktari wake ataona mambo hayaendi kama taipu wani, mfano miaka miwili mitatu imepita na bado uniti chache sana zinamtosha, au ukoo wenu una vijana wengi wa sukari wa kizazi hadi kizazi. Hapo atakwambia mwenyewe, na pengine atataka si-peptaidi inayopima insulini ya mwili imebaki kiasi gani. Hela hiyo kwa sasa nunua stripu, vile vijikaratasi vya kuweka kwenye mashine ya kupimia sukari. Stripu zinamlinda kila siku.

Dada yake wa miaka 4: takwimu za Ulaya zinaonyesha ndugu wa damu wa mgonjwa ana hatari ya kama 5 kati ya 100, maana yake 95 hawapati, na kwetu ugonjwa wenyewe ni nadra zaidi. Kumpima kingamwili kunaweza kukwambia mapema, na nchi zinazofanya hivyo watoto wachache zaidi wanafika hospitali wamezidiwa kama alivyofika kaka yake, hiyo ni faida ya kweli siwezi kuificha. Ila teplizumabu ya kumpa hatuna, na utabaki na wasiwasi wa miaka. Wewe tayari una kipima sukari ndani na unazijua dalili kuliko wahudumu wengi. Akianza kunywa maji kupita kawaida, kukojoa kitandani wakati alishaacha, au kukonda, mtoboe kidole muda huo huo. Ikisoma 11.1 au zaidi mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Asipokuwa na dalili mwache vidole vyake vipumzike.

Na kwa kaka yake, haya ni ya kukimbia hospitali hata usiku wa manane: kutapika kusikokoma, tumbo kuuma sana, kuhema kwa kina na haraka kama katoka kukimbia, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, kusinzia kusiko kawaida, au mashine kuandika HI. Hizo ni dalili za ketoni, asidi zinazotokana na mwili kuunguza mafuta ukikosa insulini, damu imekuwa tindikali. Usimpe dawa ya malaria ukasubiri uone. Akiwa na homa au hali chakula, insulini haiachwi, piga simu kliniki wakuelekeze upunguze au uongeze kiasi gani, mpe maji mengi na pima kila baada ya saa tatu nne.

Kuhusu usingizi, najua unaogopa sukari itashuka usiku usisikie. Pima kabla hajalala, na kwa wiki hizi ambazo dozi inabadilishwa amka mara moja moja saa tisa usiku upime, uandike. Ukiona inashuka chini ya 4 usiku zaidi ya mara moja usisubiri tarehe ya kliniki, nenda wapunguze dozi. Kwa Mbagala, Temeke ndo karibu, Muhimbili pia ipo, ulizia siku ya watoto, kisha uulize kama wako kwenye mradi wa insulini na stripu za bure za watoto, maana upo na wazazi wengi wananunua kwa hela yao bila kujua. Chama cha Kisukari nao wanasaidia kuelekeza. Kama friji huna, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine chenye mchanga uliolowana kinatosha kuweka chupa isipate joto la Dar, ila usiigandishe. Siku ya kliniki nenda na daftari la namba zake, na huo unga ubebe pia, mwonyeshe daktari wake.